Pini ya Nne: Historia ya Printa ya Risiti, Kutoka Baa ya Ohio Hadi Duka la Shangazi

Shangazi yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Kwenye kaunta yake kuna mashine 2 za kutoa karatasi. Ya kwanza ni EFD, ndogo na kimya, inayotoa risiti ya kodi. Ya pili ni printa ya zamani ya pini, nzito kama tofali la bloku, na plastiki yake iliyokuwa nyeupe imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ya pili ndiyo anayochapia karatasi za madeni: nani kachukua nini, kalipa ngapi, salio ni ngapi. Karatasi moja anapewa mteja, nyingine inaingia kwenye boksi la biskuti chini ya kaunta. Ikianza kuchapa, duka la jirani wanasikia: krrrr, krrrr.

Kila nikienda likizo nilikuwa namwambia, "Shangazi, tupa hili dude, tutafute printa ya kisasa." Jibu lake lilikuwa lile lile: "Mwanangu, hii haijawahi kunidanganya."

Mwaka jana ikamdanganya.

Fundi mmoja, mteja wake wa siku nyingi, alikuja kumalizia deni la saruji. Akatoa karatasi yake mfukoni na kuweka 100,000 kwenye kaunta. Shangazi akamwambia deni ni 180,000. Fundi akaisogeza karatasi: "Mama, soma mwenyewe. Laki moja." Shangazi akainama, akafungua boksi la biskuti, akatoa nakala yake. Na yenyewe ilisomeka laki moja. Sasa fikiria uso wa mtu ambaye anajua kabisa kwamba anadai 180,000, lakini ushahidi wake mwenyewe unamkana.

Nilikuwepo dukani siku hiyo. Nikaichukua karatasi, nikaisogeza kwenye mwanga. Kila herufi ilikuwa na mstari mweupe mwembamba umeikata katikati, kutoka kushoto mpaka kulia, kama vile mtu kapitisha rula na kifutio. Shangazi alishauona mstari ule zamani. Alidhani ni wino umechoka.

Mimi nasoma kemia, si umeme, kwa hiyo kabla ya kugusa bisibisi nilianza na swali la kawaida: hiki kitu kinafanyaje kazi, na nani aliamua kifanye hivyo? Majibu yalinirudisha nyuma mpaka mwaka 1878.

Mwenye baa na panga la meli

James Ritty alikuwa na baa mjini Dayton, jimbo la Ohio, Marekani. Wateja walikuwepo, pombe iliuzwa, lakini faida haikuonekana. Aliamini wahudumu wake wanatia sehemu ya mauzo mfukoni. Mwaka 1878 alisafiri kwa meli kwenda Ulaya, na kwenye chumba cha injini akaona kifaa kinachohesabu mizunguko ya panga la meli. Akajiuliza: kama mzunguko wa panga unahesabika wenyewe bila mtu kusimama na daftari, kwa nini mauzo ya baa yasihesabike hivyo hivyo?

Aliporudi nyumbani alikaa na ndugu yake John, wakatengeneza mashine. Walipata hataza Novemba 1879, na mashine wakaipa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema "Mtunza Fedha Asiyehongeka". Jina tu linakuambia tatizo lilikuwa nini. Uso wa mashine ulifanana na saa ya ukutani: mshale mmoja unaonyesha dola, mwingine senti. Mhudumu akibonyeza kitufe, kila aliye baani anaona kiasi.

Lakini mshale ukihama, ushahidi umepotea. Kwa hiyo toleo lililofuata likawekewa karatasi pana iliyogawanywa kwa safu. Kila kitufe kikibonyezwa, ncha inatoboa tundu kwenye safu ya kiasi chake. Jioni mwenye baa anafungua, anahesabu matundu, anapata jumla ya siku. Kwa hiyo ndugu hawa waliandika mauzo kwa kuchoma karatasi kwa ncha ya chuma. Shika hapo, tutarudi.

Ritty hakutajirika. Aliuza haki zake, na mwaka 1884 kampuni ikaangukia mikononi mwa John H. Patterson, mfanyabiashara wa hapo hapo Dayton aliyekuwa ameshazitumia mashine hizi kwenye duka lake na kuona faida. Akaibadilisha jina kuwa National Cash Register, ile NCR tunayoiona mpaka leo kwenye baadhi ya mashine za ATM. Katika miaka iliyofuata mashine zikaanza kumchapia mteja kipande cha karatasi: risiti.

Hapa ndipo utamu ulipo. Tunachukulia kwamba risiti ni huduma kwa mteja. Ukifuata historia yake, risiti ilikuwa njia ya kumtumia mteja kumlinda mwenye duka. Muuzaji hawezi kuipata karatasi bila kuingiza mauzo kwenye mashine, na mteja akiidai, anakuwa mkaguzi ambaye hujamwajiri. Ni wazo lile lile ambalo serikali zetu zilikuja kulichukua. Tanzania ilipoanza kutumia EFD mwaka 2010, na Kenya ilipoanza na ETR zake miaka michache kabla, sisi wote tuliambiwa tudai risiti. Safari hii anayelindwa ni mkusanya kodi, lakini mkaguzi ni yule yule: wewe na mimi, tumesimama kaunta tunasubiri karatasi.

Kutoka tarakimu nzima mpaka nukta

Mashine za zamani zilichapa kwa magurudumu au ngoma zenye tarakimu zilizochongwa, kila tarakimu kamili na umbo lake. Gurudumu linazunguka, tarakimu inayotakiwa inasimama mbele ya karatasi, nyundo inagonga. Ubovu wake ulikuwa wazi. Kama 8 imelika, utaona 8 iliyolika. Haiwezi kugeuka tarakimu nyingine.

Tatizo ni ukubwa na uzito. Hatua kubwa ya kupunguza ilitoka Japani, na ilitokea michezoni. Kwenye Olimpiki ya Tokyo ya 1964, kundi la makampuni ya Seiko lilisimamia muda wa mashindano, na walihitaji vifaa vya kupima muda vinavyoweza kuchapa matokeo papo hapo. Ujuzi ule ukazaa printa ndogo ya EP-101, iliyotoka Septemba 1968, yenye uzito wa kilo 2.5 hivi. Iliingia kwenye mashine za hesabu za kielektroniki na kupendwa sana. Mwaka 1975 waliamua kila bidhaa inayofuata iwe "mtoto wa EP", na kwa Kiingereza mtoto wa kiume ni "son". Unganisha: Epson.

EP-101 bado ilikuwa ya ngoma yenye tarakimu zilizochongwa. Wakati huo huo wengine walikuwa wanajaribu njia tofauti kabisa: kuachana na maumbo yaliyochongwa na kuandika kwa nukta. OKI ya Japani ilitoa printa yake ya nukta mwaka 1968. Marekani, mwaka 1970, ikaja Centronics 101. Kisa chake kinanifurahisha kwa sababu kinarudi kwenye jambo letu: Centronics ilianza kama kitengo cha Wang Laboratories kilichotengeneza mifumo ya kusimamia kasino. Kasino ni sehemu ambayo pesa taslimu inapita mikononi mwa watu wengi kwa haraka, na mwenye nyumba hamwamini mtu. Walihitaji kuchapa risiti na ripoti. Kwa hiyo kutoka baa tumefika kasino, na hofu ni ile ile ya Ritty.

Printa ya pini inafanya kazi hivi. Kichwa chake kina pini nyembamba za chuma zilizopangwa wima, moja juu ya nyingine. Centronics 101 ilikuwa na 7. Printa nyingi za risiti zilizokuja baadaye zina 9. Nyuma ya kila pini kuna koili. Umeme ukipita, koili inakuwa sumaku, pini inaruka mbele, inagonga utepe wenye wino, utepe unaacha nukta kwenye karatasi, springi inarudisha pini nyuma. Kichwa kinatembea kushoto kwenda kulia huku pini zikiruka mamia ya mara kwa sekunde. Ile krrrr ya dukani ni hiyo.

Uzuri wake ni kwamba kwa pini chache unaandika chochote: tarakimu, herufi, nembo ya duka. Huhitaji kuchonga umbo la kila alama. Gharama yake ni kwamba sasa kila pini inatumiwa na herufi zote. Pini ya juu inachora kichwa cha A na kichwa cha 7 na kichwa cha 0. Ikifa moja, hakuna herufi inayokufa moja kwa moja, ila zote zinajeruhiwa kidogo. Na jeraha kidogo kwenye tarakimu ni hatari kuliko jeraha kubwa, kwa sababu unaendelea kuisoma.

Nane na sifuri

Chora 8 na 0 kwa nukta, upana 5 na urefu 7, kama printa hizi zinavyofanya:

. o o o .      . o o o .
o . . . o      o . . . o
o . . . o      o . . . o
. o o o .      o . . . o
o . . . o      o . . . o
o . . . o      o . . . o
. o o o .      . o o o .

Sasa ziba mstari wa 4 kwa kidole. Mistari 6 iliyobaki inafanana nukta kwa nukta. Tofauti yote kati ya 8 na 0 inakaa kwenye mstari mmoja tu, na mstari huo unaandikwa na pini moja: ya 4 kutoka juu. Ikigoma hiyo, printa haina njia ya kuandika 8. Tarakimu nyingine zinakatika lakini zinatambulika: 2 inabaki 2, 5 inabaki 5.

Kwa hiyo wote wawili pale kaunta walikuwa wakweli. Fundi alisoma kilichoandikwa. Shangazi alikumbuka kilichouzwa. Pini ya 4 ndiyo iliyogoma katikati yao.

Deni lile tulilimaliza kwa hesabu. Juu ya jumla kulikuwa na mstari wa bidhaa: mifuko 12 ya saruji, kila mmoja 15,000. Hakuna 8 kwenye 12 wala kwenye 15,000, kwa hiyo mstari ule ulikuwa mzima. Zidisha mwenyewe. Fundi alitoa simu, akapiga hesabu mara 2, akacheka kidogo kwa aibu. "Basi Mama, hesabu ni hesabu. Hizi hapa nyingine nitaleta Jumamosi." Na akaleta.

Lakini usiku ule tulimwaga boksi la biskuti mezani. Karatasi nyingi zilikuwa na mstari wa bidhaa, hizo zilipona. Nyingine tulizikomboa kwa ujanja mdogo: kompyuta haianzi namba kwa sifuri, kwa hiyo ukiona "05,000" unajua ilikuwa 85,000. Zilizobaki ni zile za salio tu, baada ya mtu kulipa kidogo kidogo, ambapo 8 imekaa katikati. Je, hii ni 40,000 au 48,000? Ni 20,500 au 28,500? Programu yake ya zamani inajumlisha mauzo ya siku tu, haihifadhi madeni ya mtu mmoja mmoja. Shangazi alikaa na wateja hao mmoja baada ya mwingine. Wengine walikumbuka wenyewe. Kwa 3 hivi alikubali namba ndogo, kwa sababu, alisema, karatasi aliitoa yeye.

Kumtafuta mkosaji

Kesho yake nikaanza uchunguzi. Naeleza hatua kwa mpangilio kwa sababu nawe unaweza kuwa na dude kama hili nyumbani, kanisani, kwenye zahanati au kwenye duka la dawa.

Hatua ya kwanza ni kuitenga printa na kompyuta. Printa nyingi za risiti zina jaribio la ndani: zima, shikilia kitufe cha kusogeza karatasi, washa huku umeshikilia. Inachapa karatasi ya majaribio yenyewe. Kama jaribio ni safi lakini kazi za kawaida zinatoka alama za ajabu ajabu, usiguse kichwa. Tatizo liko kwenye mawasiliano. Mara nyingi kasi ya printa haifanani na kasi iliyowekwa kwenye kompyuta. (Kasi hiyo inaitwa "baud", kwa heshima ya Émile Baudot, mhandisi wa telegrafu wa Ufaransa wa karne ya 19. Urithi wa telegrafu bado uko dukani.) Kwetu jaribio la ndani lilitoka na mstari ule ule mweupe. Kompyuta ikatoka kwenye orodha ya watuhumiwa.

Hatua ya pili ni utepe. Wino ukichoka, maandishi yote yanafifia pamoja. Ukiona upande mmoja wa karatasi umekolea na mwingine umefifia, kichwa hakiko umbali sawa na karatasi. Mstari mmoja mweupe ulionyooka ni dalili nyingine kabisa: ni pini moja. Hata hivyo nilibadilisha utepe ili nisibishane na mtu. Mstari ukabaki.

Hatua ya tatu ni koili. Printa ikiwa imezimwa, imechomolewa umeme na kichwa kimepoa (baada ya kazi ndefu kichwa cha pini kinaweza kukuunguza), nilifungua kichwa na kupima ukinzani wa kila koili kwa mita. Huhitaji kujua namba sahihi kutoka kiwandani. Linganisha majirani. Koili ya 4 ilisoma sawa na ya 3 na ya 5. Ingekuwa imekatika, mita isingeonyesha muunganiko wowote, na dawa ingekuwa kichwa kipya. Ilikuwa nzima. Maana yake umeme unafika, sumaku inavuta, lakini pini imenasa njiani.

Imenaswa na nini? Nikamuuliza kijana wa dukani mara ya mwisho walibadilisha utepe lini. Akaniangalia kwa wasiwasi. Akasema tepe mpya zimekuwa ngumu kupatikana, kwa hiyo yeye huwa anaudondoshea utepe wa zamani wino wa mhuri. Unakolea vizuri tu.

Hapo kemia ikaamka. Wino wa utepe wa printa ya pini una mafuta ndani yake, na mafuta yale yana kazi 2: kubeba rangi, na kulainisha pini zinapopita kwenye matundu yake membamba. Kila pini ikigonga utepe inajipaka mafuta. Wino wa mhuri kwa kawaida umetengenezwa kwa maji na gliserini, kwa ajili ya kulala kwenye kitambaa na kuingia kwenye karatasi. Kwenye chuma unakauka, unachanganyika na vumbi la karatasi, unakuwa gundi. Kijana alikuwa akiokoa pesa ya bosi wake, na kwa kila tone alikuwa akizikausha pini.

Dawa ilikuwa rahisi kuliko uchunguzi. Nilikunja kitambaa kisicho na manyoya, nikakilowesha kwa spiriti ya isopropili, nikasimamisha kichwa juu yake ncha za pini zikiwa chini, nikaacha spiriti ipande yenyewe. Baada ya saa moja kitambaa kilikuwa na doa zito la zambarau, rangi ya mhuri kabisa. Nikarudia mara 4 mpaka kitambaa kikatoka karibu safi. Nikaacha kichwa kikauke usiku mzima, kwa sababu spiriti na cheche za umeme si marafiki. Asubuhi nikafunga, nikaweka utepe mpya wa kweli, nikachapa kurasa kadhaa ili mafuta yake yaingie kwenye pini.

Mstari mweupe ukawa wa kijivu, kisha ukapotea. Shangazi akaomba tuandike namba moja tu: 888,888. Akaichana, akaitundika ukutani.

Kwa nini basi asinunue ya joto?

Hili ndilo swali nililoanza nalo miaka yote ile, na ilibidi nilijibu kwa uaminifu.

Printa ya joto haina pini, utepe wala wino. Mmoja wa waliobuni teknolojia hii ni Jack Kilby wa Texas Instruments, yule aliyepata Nobel ya Fizikia mwaka 2000 kwa mchango wake katika saketi unganishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni yake iliuza vituo vya kompyuta vya Silent 700, na jina linajieleza: kimya. Kichwa kina safu ya vipande vidogo sana vinavyopata moto, kwa kawaida 8 katika kila milimita, na karatasi inapita chini yake.

Siri yote imehamia kwenye karatasi. Juu yake kuna tabaka lenye rangi ambayo haionekani, pamoja na kemikali yenye asili ya asidi. Vikiwa vikavu vimekaa kama majirani wasiosalimiana. Joto likija vinayeyuka, vinakutana, molekuli ya rangi inabadilika umbo na kuwa nyeusi. Kemia ya namna hii ilishatumika kwenye karatasi za nakala zisizohitaji kaboni, ambazo zilibuniwa katika miaka ya 1950 na wanakemia wa, nani tena, NCR ya Dayton.

Kinachoweza kuunganishwa kinaweza pia kutenganishwa. Mafuta ya kupikia, losheni ya mikono, jua, na vilainishi vilivyomo kwenye plastiki laini ya pochi vinaivuruga ile rangi, na maandishi yanarudi yalikotoka. Yule fundi wa saruji alikuwa pia na risiti ya EFD ya siku ile. Aliihifadhi vizuri, kwa jinsi alivyoelewa vizuri: ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye dashibodi ya gari. Alipoitoa ilikuwa na kivuli cha kijivu tu. Namba yake ya uhakiki nayo ilikuwa imefutika.

Kuna jambo la afya pia. Kwa miaka mingi ile kemikali yenye asidi ilikuwa mara nyingi bisfenoli A, BPA, inayotiliwa shaka kwa kuvuruga homoni. Umoja wa Ulaya uliiwekea kikomo cha asilimia 0.02 kwenye karatasi za joto kuanzia Januari 2020.

Simaanishi printa ya joto ni mbaya. Ina sehemu chache zinazotembea, ni ya haraka, haihitaji utepe. Kwa risiti ya supu inatosha kabisa. Na EFD ina kumbukumbu yake ya ndani, karatasi ni nakala. Lakini deni linaloweza kukaa miezi 18 ni jambo jingine. Kwenye boksi la biskuti nilikuta karatasi za pini za mwaka 2011. Zimenjano pembeni, namba zake nyeusi kama zimechapwa wiki iliyopita. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Ukitegemea karatasi ya joto kwa muda huo, piga nakala au picha siku ile ile uliyoipokea.

Ya kushika ukirudi kazini

Kwa printa ya pini: tumia utepe wa kweli, usiongeze wino wa mhuri wala wino wa kalamu. Ukiona mstari mweupe, acha kuchapa namba za pesa siku hiyo hiyo. Ondoa vumbi la karatasi kwa brashi laini kila unapobadilisha bunda, hasa kwenye sensa ya karatasi, maana sensa ikizibwa printa itakuambia karatasi imeisha wakati bunda ni jipya. Usichape bila karatasi. Pini zitagonga mpira ulio nyuma na kuuharibu. Paka mafuta mepesi kidogo kwenye chuma ambacho kichwa kinatelezea kama mwongozo wa mashine unaruhusu, na usipake penye ncha za pini.

Kwa printa ya joto: karatasi ikitoka nyeupe kabisa, kwanza kwaruza kwa ukucha. Upande unaoweka alama nyeusi ndio unaotakiwa kutazama kichwa. Wengi wameita fundi kumbe bunda limewekwa kinyume. Safisha kichwa kwa pamba yenye isopropili kikiwa kimepoa, usitumie kisu wala bisibisi kukwangua. Mstari mweupe hapa unashuka wima kufuata urefu wa risiti, kwa sababu safu ya kichwa imelala. Ukibaki baada ya kusafisha, kipande kimoja kimeungua, na hicho hakisafishiki.

Kwa zote mbili: chapa karatasi ya majaribio kila Jumatatu na uisome. Usiitazame tu, isome. Tafuta 8.

Printa ya Shangazi bado iko kaunta, na sijamwambia tena aitupe. Kitu kimoja amekibadilisha. Kila karatasi ya deni ikitoka, anachukua kalamu na kuandika kiasi kwa maneno chini yake, kama tunavyoandika kwenye hundi: laki moja na themanini elfu. Mteja anasaini pembeni. Kijana wa dukani aliuliza kwa nini tupoteze muda wakati printa imeshapona. Shangazi akamwonyesha ile 888,888 ukutani. "Hii imepona leo," akasema. "Mimi nauza mpaka kesho."